Kesho Utatangulia Wewe Kuvuka

Neema mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kazini, nimekaa juu ya kreti langu la soda pale pale unapopajua, kwenye kona ya uwanja wa kuegesha magari karibu na ufukwe. Ni Jumamosi, saa nane mchana, na magari ni mengi. Ukiona sentensi imekatika, ujue kuna mtu amerudi kwenye gari lake na mchanga miguuni, nami nimekimbia kumwongoza atoke. Nimeamua kuandika huku kwa sababu nyumbani nisingeweza. Nyumbani wewe upo, Mama yako yupo, begi lako liko mlangoni tangu jana, na kila nikiliangalia lile begi natafuta sababu ya kushuka ngazi.

Mambo ya kula, ya kufua, ya kuvaa sweta asubuhi, sitayagusa. Mama yako amekuandikia kurasa mbili, na nimeona ameeleza hata namna ya kukunja shuka, kazi ambayo wewe unaijua kuliko yeye. Mimi nina jambo moja tu. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo siku kumi na tatu sasa, na mtu aliyesimama mbele ya darasa miaka kumi na moja hana kisingizio cha kukosa maneno. Tena najua wewe unapenda maneno yaliyoandikwa. Yanayosemwa yanakuja pamoja na macho ya mtu, na mikono yake, na redio ya jirani, halafu yanapotea. Haya yatakaa kwenye karatasi, uyasome mara nyingi utakavyo.

Nataka kukuomba msamaha kuhusu barabara.

Ngoja nianzie mbali. Ulipokuwa na miaka sita, kule Lubumbashi, nilikuwa nafundisha darasa la pili, na kila mwanzo wa mwaka tulikuwa na somo la barabara. Nilichora barabara kwa majivu katika uwanja wa shule. Watoto nusu walikuwa magari, wakinguruma na kurusha mate, na nusu walikuwa wapita njia. Kanuni ilikuwa na hatua nne: tazama kushoto, tazama kulia, tazama kushoto tena, vuka. Watoto wengine walikuwa wanaruka hatua ya tatu, au wanacheka katikati, au wanasahau kama wao ni magari. Wewe hukukosea hata mara moja. Uligeuza shingo yako ndogo kama askari wa gwaride, kushoto, kulia, kushoto, ukavuka. Nilijivuna sana siku ile. Niliwaita walimu wenzangu waje kukutazama, nikakuvusha ile barabara ya majivu mara tano.

Ulipofikisha miaka kumi na mbili tukaja Durban. Safari ile unaikumbuka mwenyewe, sitairudia. Tukapata chumba ghorofa ya saba hapa South Beach, madirisha yanatazama Point Road, na wewe siku mbili za kwanza ulikaa dirishani ukitazama magari. Siku ya tatu nikakushusha chini. Nilikuwa sina kazi, sina Kiingereza, sina hata rafiki mmoja wa kunielekeza duka la mkaa, lakini somo la barabara nilikuwa nalo. Nikakusimamisha ukingoni nikakwambia kanuni ni ile ile. Kushoto, kulia, kushoto tena, vuka.

Kanuni haikuwa ile ile, Neema. Kwetu magari yanapita upande wa kulia, kwa hiyo gari la karibu na mtu anayesimama ukingoni linatokea kushoto kwake. Hapa yanapita upande wa kushoto, na la karibu linatokea kulia. Kila kitu kimegeuka. Mtoto yeyote anaweza kuliona hilo akikaa dirishani siku mbili, na wewe ulikaa dirishani siku mbili. Mimi mwalimu sikuliona. Nilikuwa naona tu kwamba madereva wa hapa ni wakorofi.

Utauliza nilivukaje mimi mwenyewe miaka yote hii bila kufa. Nimelifikiria sana swali hilo. Jibu ni kwamba sikuwahi kuitumia kanuni yangu. Nilikuwa nafuata miguu ya watu. Mtu wa mbele akishuka, nami nashuka. Akikimbia, nakimbia. Mama yako anavuka hivyo hivyo, mchungaji anavuka hivyo hivyo, mji mzima unavuka hivyo. Wewe peke yako katika mji huu ulikuwa unajaribu kuvuka kwa kufuata neno la baba yako.

Gari jeupe linatoka. Narudi.

Nimerudi. Wiki ya pili tu ya kukaa hapa, tukiwa tumesimama ukingoni wewe na mimi na jirani yetu mmoja Mkongomani aliyekuwa ametusaidia kupata chumba, uliniambia. Nakumbuka maneno yenyewe. Ulisema, "Papa, haiko kushoto. Huku mutokari zinatokeaka kuume." Ulikuwa hunitazami, ulikuwa unatazama barabara, kama kawaida yako unapoongea. Na yule jirani akacheka. Akaniambia, mwalimu, mtoto anakufundisha.

Nikakupiga kofi.

Sikukupiga kwa sababu ulikosea. Sikuwa hata nimesikiliza ulichosema. Nilikupiga kwa sababu kwetu mtoto hamkosoi baba yake mbele ya watu, na kwa sababu mwezi ule kila kitu changu kilikuwa kimeshuka, nilikuwa nabebea watu magunia sokoni, na yule mtu aliniita mwalimu kwa namna ya kunicheka. Ualimu ndio uliokuwa umebaki. Nikakwambia kanuni ni moja na anayeijua ni mimi. Ukashika shavu. Hukulia. Tukavuka, bila shaka kwa kufuata miguu ya jirani.

Tangu siku ile hukunikosoa tena juu ya barabara, na tangu siku ile ukawa huvuki.

Hapo sikuunganisha. Mimi nilisema mtoto ameingiwa na ukaidi. Mama yako akasema ni hofu ya vita tulivyovikimbia. Unakumbuka siku ya mkate? Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, nikakutuma duka la upande wa pili, na baada ya nusu saa nikachungulia dirishani nikakuona umesimama ukingoni pale pale, pesa mkononi, unageuza shingo. Kushoto, kulia, kushoto. Kisha unaanza upya. Watu wanakupita, wengine wanakugonga mabega, madereva wa teksi wanakupigia honi wakidhani unatafuta usafiri, na wewe unaziba masikio, halafu unaanza upya. Nikashuka ngazi za ghorofa zote saba kwa hasira. Nikakukamata kifundo cha mkono nikakukokota kati ya magari, na ukapiga yowe ambalo lilitoa watu madukani. Mzee mmoja wa Kizulu akaniuliza kama huyu mtoto ni wangu kweli. Kitu kilichoniuma siku ile, nakuambia ukweli, kilikuwa lile swali la mzee. Mkono wako ulivimba siku tatu, lakini mimi nililala nikifikiria watu wa duka watanionaje.

Sasa najua ulichokuwa unafanya pale ukingoni. Ulikuwa unaanza kanuni yangu. Hatua ya pili, unatazama kulia, unaona gari linakuja karibu kabisa. Hatua ya tatu inakuambia urudishe macho kushoto, na kushoto hakuna kitu. Hatua ya nne inasema vuka. Kanuni ya Papa inasema nenda, na macho yako yameona gari. Ungefanya nini? Ulirudi hatua ya kwanza. Ungerudi mpaka jioni.

Halafu tukakupeleka kanisani. Ijumaa tatu za kufunga, ili roho ya hofu ikutoke. Wale kina mama walikuwa wanakuwekea mikono kichwani, wewe unayechukia hata kofia, na ulivumilia, ukiwa umefumba macho na kuhesabu kimoyomoyo. Nilikuona midomo ikitembea nikadhani unaomba. Siku ya Jumapili mchungaji akatutoa nje tukajaribu barabara, washirika wote wakiimba nyuma yetu. Hukuvuka. Leo nikikumbuka zile nyimbo nacheka peke yangu, lakini siku ile nilitamani ardhi ifunguke.

Ulipokuwa na miaka kumi na mitano mwalimu wako wa shule ndiye aliyetuambia tukupeleke hospitali. Daktari akakaa na wewe asubuhi nzima, akachora, akauliza, akaandika, mwishoni akanipa karatasi yenye neno la Kiingereza ambalo sikulijua. Nikaiweka ndani ya Biblia, karibu mwaka mzima, sikumwambia mtu. Mpaka yule dada Mkenya wa kanisani, anayefundisha chuo kikuu, alipoiona ikianguka akanieleza taratibu kwamba kwa Kiswahili wanaita usonji. Akasema siyo pepo, siyo ukaidi, wala siyo malezi. Ni namna ambavyo mtu ameumbwa kusikia na kuona. Sauti ambazo sisi tunazichuja, wewe zinakuingia zote pamoja. Gari likija, sisi tunakisia tu kwamba litafika saa ngapi, na wewe kukisia ni kazi nzito kwako, unataka kujua. Na kanuni ukiipokea unaishika kweli, siyo kama sisi wengine tunaoipokea kwa mdomo.

Alipofika hapo, kwenye kanuni, kitu kilinigusa moyoni kidogo, nikakisukuma kando.

Sitaki ufikiri najisifu hata katika kosa, kwamba eti mimi ndiye niliyekuletea hofu yako yote. Hapana. Honi zingekuumiza hata kama ningekufundisha vizuri. Roboti za huku, hizi taa za barabarani, zingekuchanganya vile vile, maana yule mtu wa kijani anakuambia pita, na teksi inakata kona mbele ya magoti yako kana kwamba yule mtu hayupo. Uliniuliza mara moja nani kati yao anadanganya. Hofu ungekuwa nayo. Lakini ulikuwa na haki ya kupambana na hofu moja. Mimi nikakupa mbili, na ya pili ilikuwa ni mimi.

Subiri, kuna familia inataka kuondoka na mwavuli wao hautaki kuingia kwenye buti.

Haya. Sasa nimefika kwenye habari ya Pinetown, kule kiwandani kwako.

Mwaka huu ulipopata ile nafasi ya kukagua mishono kiwandani, nilifurahi mpaka nikawaambia walinzi wenzangu wote wa magari. Niliwaeleza jinsi yule mama msimamizi alivyokupa shati lililokwisha kupitishwa, akakuuliza unaona nini, na wewe ukamwonyesha kasoro saba bila kuinua kichwa. Halafu ukaja nyumbani ukachora karatasi yako. Ulikuwa umehesabu: kutoka hapa mpaka kiwandani, na teksi mbili, ni barabara kumi na moja za kuvuka, na pale stendi ya mjini peke yake ni nne. Ukikaa kwenye chumba cha nyuma cha Mama Deborah wa kanisani, ni barabara moja. Ukasema basi utahamia Pinetown. Mama yako akalia, mimi nikasema mtoto haondoki nyumbani kwa sababu ya barabara. Ukatutazama kama watu wasiojua hesabu. Ulikuwa sawa, na tukakubali.

Jumapili ile, siku kumi na tatu zilizopita, tukaenda wewe na mimi kuiona hiyo barabara moja. Nilichagua Jumapili ili magari yawe machache. Viwanda vilikuwa vimefungwa, hakuna mtu, hakuna hata mbwa. Wewe ukaenda mbali kidogo, mpaka pale penye nguzo ya umeme, ukasema hapa ndipo pa kuvukia, barabara imenyooka pande zote mbili na hakuna uzio wa kukuzuia kuona. Ni mwendo wa dakika tano zaidi. Nikakutania. Nikasema wafanyakazi wote wanavukia hapa getini, wewe nani wa kuzunguka? Nikasema nikuonyeshe namna ya kuvuka.

Na hapo, mwanangu, palikuwa hakuna miguu ya kufuata. Mara ya kwanza katika miaka sita nikawa peke yangu na kanuni yangu. Nikatazama kushoto, peupe, nikashuka huku nageuza kichwa kwenda kulia. Sikuliona lile lori. Nilisikia tu kola ya shati ikinikaba, na nikaanguka nyuma, goti kwenye zege, na upepo wa lori ukapita usoni. Dereva hakusimama. Nafikiri hakutuona kabisa.

Wewe ambaye hushiki mtu wala hupendi kushikwa, ulikuwa umenikamata shati kwa mikono miwili na hukuliachia. Tulikaa pale chini muda mrefu. Wewe ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kukuona barabarani. Nikakuuliza umejuaje kutazama kule. Ukaniambia, "Papa, niko na kanuni mbili. Moja ya Papa, moja ya barabara. Nikiwa na Papa, ninatumia ya Papa."

Sijawahi kusikia kitu kilichoniumiza hivyo, wala kofi lolote nililopigwa na baba yangu halikufika hapo. Miaka yote nilikuwa nikilalamika kwa Mama yako kwamba ukiwa naye unajaribu kuvuka, ukiwa na mimi unaganda. Nilidhani hunipendi. Kumbe ulikuwa unanitii, hata siku ile ya mkate, maana dirishani nilikuwepo. Kila siku, kila ukingo, umesimama mbele ya kitu ambacho unajua kitakuua, kwa sababu nilikupiga ukiwa na miaka kumi na miwili na sikuwahi kuliondoa lile neno.

Ningekuomba msamaha pale pale chini, barua hii isingekuwapo. Sikusema. Nikapangusa suruali, nikasema twende. Tukavukia kwenye nguzo yako, ukatazama unavyotazama wewe, mimi nikafuata miguu yako.

Linalofuata unalijua, lakini nataka uone kwamba nami nalijua. Tulipofika nyumbani Mama yako aliona goti la suruali limechanika na damu. Akauliza. Nikasema karibu mtu agongwe na lori. Sikusema ni mtu gani wala nani alimwokoa nani. Niliacha maneno yajipange yenyewe, na yalijipanga vibaya, kwa faida yangu: Mama yako akadhani ni wewe. Wewe ulikuwa unakunywa chai. Ukasema bila kuinua macho, "Haiko miye. Ni Papa njo aliingia barabarani." Na Mama yako akakwambia usimseme Papa yako vile. Ukanitazama, Neema. Wewe unayetazama watu usoni labda mara mbili kwa mwezi, ulinitazama usoni, ukasubiri. Nami nikachukua gazeti.

Kesho yake Mama yako akapiga simu kwa Mama Deborah kwamba huendi tena. Ukalifungua begi, ukapanga vitu vyako kitandani kwa mstari, ukavirudisha kabatini kimoja kimoja. Siku iliyofuata ukavitoa tena ukavipanga, ukavirudisha tena. Siku kumi na moja nilikuwa nikikutazama unafanya hivyo. Chakula ulikuwa unagusa wali mweupe tu. Nilijua neno moja langu lingelirudisha begi lile mlangoni, na kila asubuhi nilivaa fulana yangu ya kazi nikashuka ngazi.

Sina maelezo mazuri. Niliogopa Mama yako aone kwamba mwalimu wake hajui kuvuka barabara. Hicho ndicho nilichokuwa nakilinda, na bei yake ilikuwa ni maisha yako. Nimeona ni vizuri uvijue hivi vitu juu ya wazazi kabla hujaanza kuishi peke yako, kwamba mtu anaweza kukupenda sana na bado akakuacha uzame kwa sababu ya aibu ndogo kama hii.

Alhamisi nikaenda mjini, saluni anakofanya kazi Mama yako. Alikuwa anasuka, kichwa cha mteja kimefika nusu, na wale wenzake wawili wapo. Nikasema yote hapo hapo, la kofi, la kanuni, la lori, la gazeti, mbele ya mteja ambaye hata simjui. Nilidhani atanirushia kitana. Alisuka mpaka akamaliza ule mstari, akafunga ncha, ndipo akaniambia: "Mutoto alisema kweli, na sisi wawili tukamunyamazisha. Sasa enda kumuambia yeye, haiko miye." Jioni akapiga simu kwa Mama Deborah mwenyewe. Alikueleza kwamba unaenda, lakini hakukueleza kwa nini, kwa sababu alisema hilo ni langu. Ndiyo maana amekuwa akinitazama vile tangu juzi.

Basi nimesema. Nisamehe, Neema. Kwa kofi, kwa kifundo cha mkono, kwa zile nyimbo za kanisani, na zaidi ya yote kwa kunyamaza nyuma ya gazeti. Huna haja ya kunijibu. Ukitaka kujibu baada ya mwaka, jibu baada ya mwaka.

Na ile kanuni naifuta. Naandika wazi ili usibaki na shaka: kushoto, kulia, kushoto siyo kanuni tena, hata ukiwa na mimi, hata nikisahau nikakwambia vingine. Uko na moja tu sasa, ile ya barabara, na aliyeigundua ni wewe ukiwa dirishani. Kulia kwanza.

Huko utakutana na watu wengine kama mimi. Msimamizi, mchungaji, labda siku moja mume, watu wenye sauti ya kujua. Wasikilize kwa heshima, maana wengi watakuwa na jambo la kukufundisha. Lakini macho yako yakiona lori, amini macho yako, na umwachie mwenye sauti aone aibu peke yake. Wafanyakazi watakuharakisha pale getini, watasema eish, huyu dada anazunguka nini. Zunguka. Vukia kwenye nguzo yako. Na siku utakayoshindwa, kwa sababu siku hiyo itakuja, mvua au malori mengi au masikio yako yamechoka, mwombe mtu mmoja avuke nawe. Mshike wewe mkono wa shati, usimruhusu akushike. Nilikuwa nadhani kuomba hivyo ni fedheha. Mimi niliyekuwa naazima miguu ya watu wasionijua, bila hata kuwasalimu.

Leo asubuhi nilijaribu kitu. Nilitoka mapema, nikasimama Point Road, nikangoja watu wote wapite ili nisiwe na wa kumfuata. Nikatazama kulia kwanza kama wewe. Mwanangu, sikuweza. Mara tatu nilishuka nikarudi. Teksi zikanipigia honi. Mwanamke mmoja muuza matunda akaniuliza kama naumwa. Nilifika kazini nimechelewa karibu nusu saa, na mwenzangu aliponiuliza nimekwama wapi nikamwambia ukweli, nimekwama barabarani. Nusu saa moja tu, nami shati lilikuwa limelowa. Wewe umefanya hivyo miaka sita, halafu ukarudi nyumbani ukakuta watu wanakuuliza umechelewa kwa nini.

Jua limeanza kuzunguka upande wa maghorofa na watu wanakunja taulo zao, magari yatatoka yote pamoja, kwa hiyo nafunga. Karatasi hii nitaiweka juu ya sweta yako, ndani ya begi. Najua utafungua begi leo kuhakikisha vitu vimekaa kwa mpangilio, kwa hiyo utaisoma kabla ya kesho, na hivyo ndivyo ninavyotaka.

Kesho baada ya ibada tutashuka sote wawili kwenda kupanda teksi. Mama yako amesema ataangalia kutoka dirishani, hawezi kuja mpaka chini, asije akalia mbele ya watu. Mimi nitabeba begi kwa mikono miwili, ili nisije nikakushika kwa mazoea. Tukifika ukingoni nitasimama nyuma yako, nami nitanyamaza. Tazama unavyotazama wewe. Anza upya mara nyingi utakavyo. Teksi ya kwanza ikituacha, kuna ya pili, na ya pili ikituacha tutakula ndizi pale pale tukingoja ya tatu.

Ukisema "sasa", Papa atavuka.

Baba yako